Muulize Shangazi: New York, Chicago au Los Angeles?

Wanaoufuatilia ukurasa huu wanajua kwamba Shangazi yenu ni muuguzi wa mikataba. Hospitali ikipungukiwa watu inaniita, naingia kwa wiki 13, mkataba ukiisha nafunga virago kwenda mji mwingine. Zamu ninazopewa ni zile ambazo wenyeji wamezikataa, za jioni na za usiku, kwa hiyo miji mingi ya Marekani naijua zaidi taa zikiwa zimewaka kuliko jua likiwa juu. Mwezi huu barua za kuuliza mji gani umechangamka zimekuwa nyingi kuliko za ndoa, jambo ambalo halijawahi kutokea hapa. Nimechagua nne.

Shikamoo Shangazi. Mimi na mke wangu tunaishi Columbus, Ohio. Kazi ipo, tunafungasha mizigo kwenye ghala, lakini mtaa tunaokaa unatupooza: ikifika saa tatu usiku husikii hata mbwa. Binamu yangu yuko Bronx, anasema hakuna mji kama New York. Rafiki yangu yuko Los Angeles, anasema New York ni wazimu mtupu, twende kwake tukapumue. Mke wangu naye amesikia sifa za Chicago. Sisi vijana, hatujapata mtoto, tunataka mji wenye kasi na wenye uhai. Twende wapi? — Aliyepoozwa na Ohio

Marahaba mwanangu, na mke wako msalimie.

Umeomba vitu viwili kwa pumzi moja, kasi na uhai, ukidhani vinakaa nyumba moja. Havikai. Mwanasaikolojia Robert Levine wa California State University, Fresno, alichapisha mwaka 1990 utafiti wa miji 36 ya Marekani. Walipima watu wanatembea kwa mwendo gani katikati ya mji, karani wa benki anachukua muda gani kuchenji fedha, karani wa posta anazungumza haraka kiasi gani, na watu wangapi wamevaa saa mkononi. Boston ikatoka ya kwanza, Buffalo ya pili, New York ya tatu. Los Angeles ilishika mkia. Binamu yako akisikia kwamba mji wake ulipitwa na Buffalo, mji mdogo wa jimbo lake mwenyewe, atakosa usingizi wiki nzima.

Sasa nenda Boston, bingwa wa kasi, ukaitazame saa nane usiku. Ndiyo iliyofungua reli ya kwanza ya chini ya ardhi Marekani, mwaka 1897, na mpaka leo treni zake hazikeshi. Baa nazo zinafungwa. Nilifanya kazi pale kipindi cha baridi, na sisi wa zamu ya jioni tulikuwa tunakabidhi wagonjwa jicho moja likiwa kwenye saa ya ukutani, tukiogopa treni ya mwisho. Watu wa Boston wana mbio kwelikweli, ila sehemu kubwa ya mbio hizo ni za kuwahi kitandani.

New York ndiyo yenye vyote viwili, na kwa maoni yangu sababu kubwa ni treni. Zilianza 1904, zina vituo 472, na hazilali. Mji wa watu milioni 8.8, kwa sensa ya 2020, usiofunga reli zake unamruhusu mpishi, mfagiaji, mlinzi na mpiga tarumbeta kutoka kazini saa tisa usiku na kufika kwake kwa nauli ileile ya mchana, ambayo tangu Januari 2026 ni dola 3. Mwenye kuweza kurudi nyumbani saa yoyote hana sababu ya kuondoka mapema. Baa zinaruhusiwa kuuza mpaka saa kumi alfajiri. Kwa hiyo usiku wa New York si wa walevi na vijana peke yao, ni mchana wa pili wa watu wenye kazi zao.

Nilipokuwa na mkataba Bronx nilikuwa nabadilisha treni kituo cha 149th Street–Grand Concourse, saa sita ikishapita. Saa hizo treni zinapishana kama dakika 20, basi jukwaani watu wanajaa. Kijana anapiga ngoma kwenye ndoo za plastiki. Fundi ujenzi amelala akiwa ameketi, kofia ngumu mapajani. Wauguzi wawili wanabishana kwa Kihispania juu ya nani atafanya kazi Krismasi. Hakuna anayemkodolea mwenzake macho. Lakini mama muuza churro, yale maandazi marefu ya kukaanga, akianza kushusha kigari chake kwenye ngazi, mikono mitatu inakishika bila mtu kusema neno, kinafika chini, na kila mmoja anarudi kwenye mambo yake. Wageni wanasema watu wa New York wakali. Mimi nasema hawana muda wa salamu, msaada wanao. Uliza njia kwa sauti pale jukwaani, watakujibu watu watatu, kisha wataanza kubishana wao kwa wao kwamba nani amekuelekeza vibaya.

Kasi yao utaionja kwanza kwenye bodega, yaani duka la kona, ambalo mara nyingi mwenyewe ni Myemeni. Asubuhi foleni inafika mlangoni, na mkaanga mayai anapokea oda tatu kwa wakati mmoja bila kuandika. Uwe umeshaamua unachotaka kabla hajakutazama. Mayai na jibini kwenye mkate, chumvi, pilipili manga, ketchapu: sema vyote hivyo kwa mkupuo mmoja, toa fedha, sogea pembeni. Ukianza kusoma ubao wa vyakula ukiwa mbele ya kaunta, foleni nzima nyuma yako itaguna. Ukirudi siku chache mfululizo utamkuta ameshaanza kukaanga kabla hujafungua mdomo, na hapo ndipo utajua umekuwa mwenyeji.

Na barabarani hakuna anayesubiri taa. Ramani ya Manhattan ilichorwa mwaka 1811 kwa mistari iliyonyooka, na ukielekea kaskazini bloki ni fupi, kama 20 kwa maili, kwa hiyo kila dakika moja na ushee unafika kwenye njia panda na kishawishi cha kuvuka. Kuvuka taa ikiwa nyekundu lilikuwa kosa mpaka baraza la jiji lilipopitisha sheria ya kulifuta mwaka 2024. Kabla ya hapo kila mtu alivuka vilevile, polisi wakiwemo.

Kuna jambo moja binamu yako hatakwambia. Mwaka 2025 watafiti, akiwemo Carlo Ratti wa MIT, walitoa matokeo ya kulinganisha filamu ambazo mtafiti William Whyte alizipiga karibu na mwaka 1980 kwenye maeneo ya umma ya New York, Boston na Philadelphia, na picha za video za sehemu hizohizo miaka 30 baadaye. Mwendo wa watu uliongezeka asilimia 15. Waliokuwa wakisimama au kuketi tu bila haraka walipungua asilimia 14. Nilipoisoma habari hiyo sikushangaa hata kidogo. Ngazi za jumba la makumbusho la Metropolitan bado zina watu wa kuota jua, ila wengi wameinamia simu. Kasi inapanda, stori zinapungua.

Chicago sasa, na nakuonya mapema kwamba hapa nina upendeleo.

Ni mji mkubwa, watu milioni 2.7, unaokwenda kwa mwendo wa binadamu. Namba za nyumba zinahesabiwa kuanzia State Street inapokatana na Madison, na kila namba 800 ni maili moja. Mtu akikwambia anakaa 4800 kaskazini unajua palepale kwamba ni maili sita kutoka katikati. Mji ni tambarare tupu; marehemu Kelvin Kiptum alivunja rekodi ya dunia ya marathoni pale Oktoba 2023, kwa saa 2 na sekunde 35. Treni zao, wenyewe wanaziita L, zimekuwa zikinguruma juu ya vichwa vya watu tangu 1892, na njia mbili, Nyekundu na Bluu, zinakesha. Eneo la ofisi, Loop, linakimbia kama New York mpaka jioni, kisha ofisi zinafungwa na sehemu nyingine unabaki wewe na njiwa.

Uhai umehamia mitaani kwa wenyewe. Devon Avenue Ijumaa jioni, Wapakistani na Wahindi wamejaa kwenye maduka ya nyama halali na ya nguo za harusi, magari yamesimama safu mbili, honi juu ya honi, na watoto wako macho saa nne usiku. Pilsen kwa Wameksiko. Upande wa kusini, kwenye ufukwe wa 63rd Street, majira ya joto yakifika wazee kwa vijana wanatoka na majiko ya kuchomea nyama na spika kubwa. Muziki wa hausi ulizaliwa mji huu, kwenye klabu ya Warehouse alikokuwa akipiga Frankie Knuckles, na ukitaka kuona watu wa miaka 60 wakicheza muziki huo wakiwa wamevaa kaptula na kofia za jua, nenda kule Jumamosi ya Julai. Huwezi kupita bila mtu kukuuliza umeshakula. New York hutaulizwa hivyo na mtu usiyemjua.

Halafu inakuja baridi. Tarehe 30 Januari 2019 Chicago ilifika nyuzi 30 chini ya sifuri. Shirika la reli za vitongojini lililazimika kuwasha moto kwenye makutano ya reli ili treni ziweze kubadilisha njia. Majukwaa ya L yana taa za joto, unabonyeza kitufe zinawaka kwa dakika chache kisha zinazima. Hapo ndipo utawaona wakili, mwanafunzi, muuza dawa na muuguzi wa usiku wamebanana chini ya mwanga wa rangi ya chungwa kama vifaranga, na aliye karibu na kitufe ndiye bosi wa jukwaa zima. Kuanzia Novemba mpaka Aprili mji unajikunja. Watu wanakuwa wale wale, ila uchangamfu wote umeingia ndani na mlango umefungwa.

Los Angeles imeonewa. Huyo Levine aliipa mkia, na ni kweli hakuna anayekimbia kwa miguu, lakini mji wa kilomita za mraba zaidi ya 1,200 huwezi kuupima kwa hatua. Manhattan yote ni kilomita za mraba kama 59. Na bado, kwa sensa ya 2020, ukichukua eneo lote la mjini pamoja na vitongoji vyake, Los Angeles ina msongamano wa watu kuliko New York na vitongoji vyake. Watu wapo tele, wako ndani ya magari. Zamani walikuwa na reli za umeme zilizofika kila pembe. Njia ya mwisho ya kampuni ya reli ya Pacific Electric ilifungwa 1961, na treni za mjini hazikurudi mpaka 1990. Katikati ya miaka hiyo mji ukajengwa kwa kufuata usukani.

Kwa hiyo kasi ya Los Angeles inategemea saa. Hospitali niliyokuwa nikifanya kazi ilikuwa dakika 25 kutoka kwangu kama natoka alfajiri, na saa moja na robo kama naingia jioni, barabara ileile ya 405. Wenyeji hawakutajii umbali, wanakutajia muda, na hawakutajii muda mpaka wamekuuliza unatoka saa ngapi. Rafiki akikualika chakula upande wa pili wa mji siku ya kazi, huo ni mwaliko wa heshima kubwa, na ukikataa hatakasirika. Uchangamfu wa kukutana na mtu kwa bahati, uliojaa New York, kule haupo. Kule mnapanga.

Mkishapanga lakini, hakuna masihara. Koreatown, migahawa ya nyama inawaka moto mpaka usiku mkubwa. Kwenye kona ya maegesho ambayo mchana ni ya fundi magari, saa tatu usiku inatundikwa taa ya jenereta, nyama nyekundu ya al pastor inazunguka kwenye mti wake, na mkataji anachana vipande vyembamba, kipande cha nanasi kinaruka kutoka juu naye anakidaka kwa taco, yaani chapati ndogo ya mahindi, aliyoishika mkono wa pili. Watu wanakula wamesimama, sahani wameiweka juu ya boneti ya gari lao. Na tangu 2010 kuna Jumapili ambazo wanafunga barabara fulani magari yasipite, tukio lenyewe linaitwa CicLAvia, baiskeli na watoto na mbwa vinamwagika barabarani. Nimeiona mara moja, nikabaki nikijiuliza watu wote hawa walikuwa wamefichwa wapi. Rafiki yako ana haki ya kukwambia mtapumua. Ila treni zao zinalala usiku, na baa zinafungwa saa nane.

Hukuniambia kama mna gari, mwanangu, na hilo ndilo swali kubwa kuliko uliyoniuliza. Kama hamna, Los Angeles isubiri. Kama mnapenda kutoka saa tano usiku bila mpango na mnaweza kuvumilia chumba ambacho mlango wa friji unagonga kitanda, nendeni kwa binamu Bronx. Mngekuwa watoto wangu wa kuzaa ningewapeleka Chicago. Lakini msiende kuiangalia Julai, kila mtu anaipenda Julai. Nendeni Februari, mkae wiki, mpande treni saa kumi na moja alfajiri kama mtakavyopanda mkiwa na kazi. Mkirudi Ohio mkiwa bado mnaitaka, hameni.

Shangazi, shikamoo. Nimepata kazi ya kuhudumia wazee Houston, Texas, malipo mazuri. Kila ninayemwambia ananionea huruma, ati Houston hakuna mji, kuna barabara tu. Nimeshakwenda siku mbili, nilitembea katikati ya mji saa sita mchana sikuona mtu. Je, nitakufa kwa upweke? — Mama Wawili

Marahaba mama wawili. Watu walikuwepo, walikuwa chini ya miguu yako. Katikati ya Houston kuna njia za chini ya ardhi zenye urefu wa kilomita kama 10, zina migahawa, vinyozi, maduka ya viatu, na kiyoyozi. Siku za kazi watu wa ofisini wanashukia huko mchana kukimbia joto, na jua la Agosti ukishaonja hutawalaumu. Jioni zinafungwa, wikendi zinafungwa.

Hizo barabara ni kweli. Katy Freeway, ukihesabu na barabara za pembeni, mahali pengine ina njia 26. Kuivuka ni safari. Houston pia haina sheria ya kugawa ardhi kwa matumizi, wapiga kura waliikataa mara tatu, 1948, 1962 na 1993. Matokeo yake msikiti unapakana na gereji, gereji inapakana na zahanati, na hakuna sehemu moja unayoweza kumwambia mgeni “hapa ndipo mji ulipo.”

Usiutafute uhai barabarani. Utafute nyuma ya maegesho. Hillcroft ni kwa Wahindi na Wapakistani. Bissonnet, kusini magharibi, ni kwa Wanigeria, utasikia Kiyoruba na Kiigbo kuliko Kiingereza. Kwa nje unaona ukuta wa rangi ya udongo na bango lililopauka. Fungua mlango Jumamosi saa nne usiku: ukumbi wa watu mia tano, vilemba vimesimama wima, dola zinarushwa. Kadi ya mwaliko inasema saa kumi na mbili jioni, wewe usitoke nyumbani kabla ya saa tatu. Kasi ya Houston ni ya barabarani tu. Mtu aliyeendesha kama anafukuzwa, akishaegesha anakuwa mtu mwingine kabisa.

Na wanao, siku moja machweo, wapeleke kwenye daraja la Waugh Drive, juu ya Buffalo Bayou. Popo wanaokadiriwa laki mbili na nusu wanatoka chini ya daraja kwa pamoja kwenda kuwinda. Harufu si nzuri, simameni upande unaotoka upepo. Utakuta familia za kila rangi zimekaa kwenye majani na vitafunwa, na hutatoka pale bila kuzungumza na mtu.

Gari nunua kabla ya kitanda.

Shangazi, mimi ni mwanafunzi Washington. Nimesimama kwenye ngazi za umeme za Metro naangalia simu yangu, mzee mwenye tai akanifokea nisogee. Ngazi zinatembea zenyewe, yeye anaharakia nini? — Nimekereka

Mwanangu, sogea kulia. Wanaosimama kulia, wanaopanda kwa miguu kushoto. Haijaandikwa kwenye sheria yoyote, lakini kwa watu wa Washington inatiliwa nguvu kuliko sheria nyingi zinazopitishwa pale mjini kwao. Na ngazi zenyewe ni ndefu: za kituo cha Wheaton, Maryland, zina mita 70, ukisimama tu ni karibu dakika tatu, na dakika tatu kwa mtu mwenye kitambulisho shingoni ni mkutano mzima.

Mji huo haraka yake ni ya vyeo. Utaulizwa kazi yako kabla ya jina lako. Usikate tamaa lakini. Jumapili alasiri nenda Meridian Hill Park, wenyeji wengi wanaiita Malcolm X Park, ukute ngoma. Wapigaji wanakuja tu, kila mmoja na yake, desturi hiyo ina zaidi ya miaka 50. Huenda ukamkuta yule mzee, bila tai.

Salaam Shangazi, ingawa nadhani mimi ni mkubwa kwako. Naendesha lori, barabara kuu za I-10 na I-15 ndiyo nyumbani kwangu. Nawasoma vijana wanavyogombana juu ya New York, nacheka. New York inafunga baa saa kumi alfajiri. Las Vegas na New Orleans hazifungi kabisa. Kwa hesabu ya kawaida, hiyo si ndiyo miji iliyochangamka kuliko yote? — Tairi Kumi na Nane

Shikamoo kaka yangu. Kwa hesabu ya saa umeshinda, sina ubishi. Ila miji hiyo miwili umeiweka kapu moja, na mimi nimefanya kazi kote kuwili.

Ule mtaa wa mahoteli na taa unaouona kutoka I-15, Strip, sehemu yake kubwa haimo hata ndani ya mipaka ya jiji la Las Vegas. Ni mali ya wageni. Wenyeji ni wagawa karata, wapishi, wafua mashuka na wauguzi, wanakwenda kazini saa tano usiku kama wengine wanavyokwenda saa mbili asubuhi. Nilichokipenda ni kwamba mfanyakazi wa usiku pale haonekani kituko: natoka zamu asubuhi, nakuta watu wanakula chakula cha jioni na mwenzangu ananyolewa nywele. Lakini nikizunguka kwenye makazi yao, nje ya zile taa, ni kimya, kuta, na magari yamefunikwa maturubai. Taa hazizimwi kwa sababu mtu analipwa asizizime.

New Orleans ni kitu kingine, na ndiyo iliyonifanya niache kabisa kuheshimu mwendo wa haraka. Pale hakuna kinachokimbia. Tramu ya St. Charles, ambayo njia yake inafanya kazi tangu 1835, inajivuta chini ya miti mikubwa na madirisha wazi, na dereva akimuona mtu anakuja mbio kwa mbali anamsubiri. Mtu anatembea na kinywaji chake mkononi barabarani, ruksa, mradi kiwe kwenye kikombe cha plastiki.

Kama hujaona second line, kaka, umepita New Orleans hujafika. Karibu kila Jumapili, ukiacha miezi ya joto kali, chama kimojawapo cha mtaa kinatoka na bendi ya matarumbeta. Vyama hivi vya watu weusi vilianza kama vya kuzikana na kusaidiana, vina majina, sare na wanachama wa kulipa ada. Wenye chama wanatangulia na suti za rangi moja, viatu vya rangi hiyohiyo na mapepeo ya mkono ya manyoya. Nyuma inafuata bendi. Nyuma ya bendi unafuata wewe na yeyote mwenye miguu. Mwenye tuba jasho linamchuruzika hadi kiunoni na hapumziki. Mtu mmoja kapanda juu ya paa la duka anacheza peke yake. Bibi kizee amekaa barazani kwake anapunga leso, mkuu wa chama anasimamisha msafara mzima mbele yake, bendi inampigia wimbo mmoja, ndipo wanaendelea. Kilomita chache zinachukua saa nne. Levine angewapima hao kwa saa yake wangeikosa hata nafasi ya 36.

Kwa hiyo kura yangu ya uchangamfu naipeleka huko, na kura ya kasi inabaki Boston. Vijana wakinikasirikia waandike, mhariri ana nafasi mwezi ujao. Ila wewe lori lako usijaribu kuliingiza French Quarter, sehemu ya kale ya mji, mitaa yake ilichorwa wakati wa Wafaransa na kona zake hazimjui mtu mwenye tairi 18. Liache kituo cha malori nje ya mji, panda teksi mpaka mtaa wa Tremé, na uulize mtu yeyote barazani second line ya leo inaanzia wapi. Atakujibu kwa kirefu.